Uzi wa Kioo kwenye Litungu la Tata Mwita

Tulimzika Tata Mwita Jumamosi, hapo Genkuru, ndani ya boma lake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikijizuia nisimrushie mtu chupa ya maji. Mtu mwenyewe ni Dokta Festo, msomi wa muziki. Alikuja na gari jeupe, na kitambi, na spika mbili ndefu ambazo hakuna aliyemwomba alete. Mshereheshaji akampa kipaza sauti atoe rambirambi, naye badala ya kusema pole akaanza kuhutubia: kwamba marehemu alikuwa muujiza, kwamba alipiga litungu, kinubi cha Wakurya, miaka nenda rudi akiwa kiziwi na kijiji kizima hakijui, kwamba ni yeye Dokta aliyeligundua jambo hilo kwa mitambo ya kisasa na kuifikisha sauti ya Mkurya duniani. Akabonyeza simu yake, spika zikaanza kulia. Litungu la Tata Mwita likasikika pale juu ya jeneza lake, safi kabisa, kamba zote nane, na watu wakapiga makofi. Makofi, msibani! Mjane wake, Mama Ghati, alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, hakuinua hata uso. Nikajiambia, Bhoke, ukinyamaza na leo, basi wewe si mtu.

Nina miaka arobaini na mitatu sasa. Mwaka Dokta alipokuja kwetu mara ya kwanza nilikuwa na ishirini na minane na nilikuwa na meza yangu ya ufundi Tarime mjini, si mbali na stendi, natengeneza redio na amplifaya za makanisa. Ni mwaka ule vijana walikuwa wanachimba mtaro kando ya barabara ya Sirari kulaza mkongo, na kila mtu mjini alikuwa anasema faiba, faiba, bila kujua ni mnyama gani. Siku moja asubuhi akaja huyo Dokta Festo, mwembamba wakati huo, shati jeupe, akasimama mbele ya meza yangu akaangalia kushoto na kulia. "Fundi yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia fundi unamtazama. Akacheka, akasema, "Aah, nilitaka fundi." Ebo! Nikaendelea kulehemu waya wangu, na moshi ukampata puani. Ningemwacha aende zake siku ile. Ila alikuwa ametafuta mji mzima mtu anayejua kushika chuma cha kulehemu na pia anayejua Kikurya, na watu wote walimwonyesha meza yangu, kwa hiyo akarudi saa nane mchana na adabu kidogo. Akatoa kwenye mkoba kitu kama unywele mrefu, akakikunja mbele yangu hakikatiki. Kioo, akasema. Uzi wa kioo. Nami nikalainika, maana nilikuwa napenda vitu vya namna hiyo kuliko chakula.

Kazi yenyewe, nikiieleza kwa lugha ya mezani kwangu, ilikuwa hivi. Kipaza sauti cha kawaida kinasikia hewa, na hewa ya kwetu ina mengi: jogoo, pikipiki, mashine ya kusaga, mtu anagombana na mkewe. Uzi wa kioo haujali hewa. Unaubandika juu ya ngozi ya ala, mwanga unapita ndani yake, ngozi ikitikisika mwanga nao unatikisika, na kisanduku kinaugeuza mtikisiko ule kuwa sauti. Haupitishi umeme, kwa hiyo hata jenereta ikinguruma karibu, hauchukui ule mvumo unaowatesa mafundi wote wa makanisa. Unasikia kile unachokigusa, basi. Dokta alitaka kuujaribu kwenye malitungu, kwa sababu litungu lina sauti nzito ambayo vipaza sauti vyake vilikuwa vinaivuruga. Mimi nibandike, nitafsiri, nibebe betri. Nilifunga meza yangu kwa turubai nikamfuata.

Mpigaji tuliyeelekezwa alikuwa Tata Mwita, na hakukuwa na wa pili. Chumba chake cha litungu nakiona mpaka leo: ukuta wa udongo umepakwa samadi na majivu, dirisha dogo, msumari mmoja mkubwa ambao litungu linatundikwa, na harufu ya ngozi ya ng'ombe na moshi. Alikaa kwenye kigoda, akaliegemeza litungu pajani, kisha akafanya jambo lake lililokuwa maarufu Tarime nzima na Serengeti mpaka Busawe. Aliinamisha kichwa akakandamiza taya kwenye mkono wa litungu, ule mti wa pembeni, akafumba macho, ndipo akaanza kupiga. Kila kijana aliyekuwa anajifunza litungu enzi zile alikaa hivyo hivyo. Walijiumiza mataya! Niliwaona mimi kwenye harusi, wamejikunja shingo, mate yanawatoka, wanaamini ufundi wote uko pale kwenye taya. Ukiwauliza wanakwambia, huu ndio mkao wa litungu tangu zamani. Tata Mwita mwenyewe akiwaona alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na hakuna aliyejua anacheka nini.

Tulikula pale karibu kila siku kwa miezi. Mama Ghati alikuwa analeta obokima, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo, ameutengeneza mviringo juu ya ungo, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, siku nyingine mlenda, siku nyingine utumbo. Dokta alikuwa anachagua vipande kama mgonjwa. Tata Mwita alikuwa anakula polepole akimtazama kila anayesema. Nilidhani ni utu uzima ule, au anatupima. Siku ya kwanza nilipomweleza uzi unavyofanya kazi, nilikaa mbele yake nikasema kwa Kikurya, taratibu, kwamba huu hausikii maneno yanayopita hewani, unasikia kwa kugusa tu. Akaushika kati ya vidole viwili. Akasema, "Basi huu ni ndugu yangu." Dokta akauliza amesemaje, nikatafsiri, wote tukacheka. Kuanzia hapo aliupenda uzi ule. Alikuwa ananikaripia nikiubandua vibaya: "Polepole, mama, unaumiza mtu!"

Ni Mama Ghati aliyenifungulia jambo, jikoni, tukiwa tunachagua mawe kwenye wimbi. Nilimuuliza tu kwa utani kwa nini kila harusi anakaa mbele kabisa, magoti karibu yanagusana na ya mume wake, akimtazama kama bibi harusi. Watu walikuwa wanasema wale wawili wanapendana kupita kiasi. Akaacha kuchagua. "Bhoke," akasema, "yule hasikii." Nikasema hasikii nini? "Hasikii kitu. Tangu kule kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, mwaka wa kumi na moja huu, walipolipua baruti wakati bado yuko ndani ya shimo. Alirudi hapa masikio yanamlilia, baada ya mwezi yakanyamaza moja kwa moja. Mimi nakaa mbele ili asome mdomo wangu. Namgonga kwa goti langu ajue wachezaji wanakwendaje. Na litungu analisikia kwa mfupa, hapa," akajigusa taya. Nilibaki na konzi ya wimbi mkononi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga hivyo! Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wa Mama Ghati ukikushika unashikika. "Wakijua hawatamwita tena. Watasema wamwonee huruma. Yule ukimtoa kwenye litungu umemzika. Umesikia?" Nikasema nimesikia, mama. Nilikuwa na nia njema kabisa.

Halafu ikaja wiki ya kurekodi kwa ajili ya maonyesho Dokta aliyopanga kufanya mjini. Dokta alikuwa amevaa kichwani vile visikilizio vyake vikubwa, akawa anakunja uso. Ndani ya sauti kulikuwa na kitu kama kugonga kwa mbali. Nikasikiliza nami. Lilikuwa taya. Uzi ulikuwa unachukua kila kitu kinachogusa ule mti: meno yakisagana, mate yakimezwa, hata mapigo ya damu shingoni. Mimi nilisikia vizuri mno, niseme ukweli, ilikuwa kama umelala kifuani kwa mtu. Yeye akasema ni uchafu. "Mwambie akae wima. Asiguse mti. La sivyo nafuta rekodi zote naenda kutafuta mwingine." Nikamwambia huo ndio mkao wake. Akasema, "Mkao gani wa kijinga? Mwambie." Tata Mwita alikuwa ameketi pale, macho yanaruka kutoka mdomo wangu kwenda wa Dokta, na Kiswahili cha haraka kilikuwa kinampita. Nikafikiria: akikaa wima, atapotea kwenye kamba mbele ya huyu mtu na wasaidizi aliokuja nao wiki ile, na leo leo itajulikana. Nikamvuta Dokta nje mpaka kwenye zizi. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, baruti, mfupa, goti la Mama Ghati, nikamwapisha kwa jina la mama yake asimwambie mtu. Akaweka mkono kifuani, macho yamemtoka. "Bhoke," akasema, "mimi ni msomi. Siri za watu ni kazi yangu." Akamwacha apige na mkao wake, na mimi mjinga nikamshukuru.

Ukumbi wa Tarime ulijaa siku ya maonyesho. Wakubwa wa mkoa, wazungu watatu, walimu, wafanyabiashara wa soko, na wapigaji vijana na mataya yao. Waandaaji walimpeleka Mama Ghati safu ya nyuma pamoja na akina mama wengine. Nilipoomba akae mbele, msichana mmoja mwenye orodha akaniambia viti vya mbele vina majina. Nikaacha! Nilikuwa na kisanduku cha kufunga, nyaya za kupanga, nikaacha. Tata Mwita alipanda jukwaani amevaa koti la kijivu, nikambandikia uzi, akapiga. Sijawahi kusikia litungu likipigwa vile tangu siku hiyo. Sauti ilitoka kwenye spika nzito na safi, na mawimbi yake yakawa yanakimbia ukutani kwa mwanga wa kijani, na wazee wa kule nyuma wakaanza kujibu kwa kuunguruma. Alipomaliza, Dokta akachukua kipaza sauti akasimama nyuma yake. "Mabibi na mabwana," akasema, "mzee huyu ni kiziwi. Hasikii hata neno moja ninalosema sasa." Watu wakaguna. "Hamwamini?" Akapiga makofi mawili nyuma ya kisogo cha Tata Mwita. Akaita, "Mzee Mwita! Mzee Mwita!" Tata hakugeuka. Alikuwa anafuta kamba zake kwa kitambaa. Ukumbi ukacheka, kile kicheko cha watu walioona kiinimacho, kisha wakasimama wote wakashangilia. Na Tata Mwita alipoinua macho akaona ukumbi mzima umesimama unapiga makofi, akatabasamu. Akanyanyuka, akainua mkono, akawashukuru.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika watu wangu, na bado nikikumbuka mkono ule umeinuliwa nataka kuvunja kitu. Nilimfuata Dokta nyuma ya jukwaa nikamkunja shati. Akasema nisiwe mshamba, kwamba amempandisha chati, kwamba sasa dunia itamjua. Dunia! Dunia ndiyo inayomwita mtu kupiga kwenye harusi Nyamwaga? Ndani ya mwezi mmoja mialiko ikakatika. Wengine walisema kwa huruma, tusimsumbue mzee. Wengine waliogopa kwamba atawaaibisha mbele ya wakwe. Kwenye kilabu cha pombe watu wazima walianza kumsema yeye akiwa amekaa palepale, wakigeuza midomo pembeni ili asiisome, na wakimaliza wanamgonga bega wanampigia kelele usoni, "MZEE HUJAMBO?" Mtu waliyekuwa wanamwamkia shikamoo wamesimama. Na wale vijana wa mataya waliinua shingo zao siku moja, wote, kama waliotangaziwa. Walikaa wima wakaanza kusema mkao ule ulikuwa ugonjwa.

Nilikwenda Genkuru mwezi wa pili baada ya maonyesho. Nilimkuta chumbani kwake, litungu liko ukutani. Akanionyesha kigoda, nikakaa mbele yake, mwanga wa dirisha ukinipiga usoni ili anione mdomo. Hakunisalimia sana. "Nani alimwambia?" akauliza. Jamani. Swali moja tu, na jibu lake lilikuwa neno moja. Ningeweza kusema mimi. Angenifukuza, angenilaani, ingekwisha. Nikaona macho yake yanangoja kwenye midomo yangu, nikasema, "Mashine, Tata. Ule uzi."

"Uzi ulisikia nini?"

"Ulisikia tu. Kwenye kupiga kwako."

Akatazama mikono yake, akaigeuza, viganja juu, viganja chini. "Kumbe inasikika," akasema. Nikaona nilichofanya, nikafungua mdomo nisahihishe, ila alikuwa ameshaacha kunitazama, na Tata Mwita akiacha kukutazama umeshanyamazishwa. "Harusi zote zile," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Hakuna kitu kilichosikika kwenye kupiga kwake. Niliandika hivyo kwenye daftari la kazi na naandika tena hapa. Nilisikiliza rekodi zile zote, wiki kwa wiki, kwa masikio mazima ya fundi anayelipwa kutafuta kasoro, na hakukosea kamba hata moja. Mashine haikujua lolote kuhusu masikio yake. Ni mimi niliyesema, zizini, kwa mdomo wangu. Mama Ghati naye aliponiuliza nilimpa jibu lile lile la mashine, na akalichukua, kwa sababu aliniamini. Tata Mwita hakulishika litungu tena. Miaka kumi na minne alichunga mbuzi, alipanda mihogo, alikaa mlangoni. Ukimletea habari ya kupiga anakutikisia kichwa, anasema alikuwa anawatesa watu bila kujua na wao walikuwa waungwana hawakumwambia. Nilikuwa nikienda Krismasi na sukari na kitenge, nakunywa chai yao, narudi Tarime.

Kwa hiyo Jumamosi, makofi yale yalipoanza tena juu ya jeneza, nilinyanyuka. Nilipita katikati ya viti, nikafika kwenye spika, nikang'oa waya. Sauti ikakatika katikati ya wimbo. "Toa vyombo vyako hapa," nikamwambia Dokta Festo. "Huyu mtu ulimuua ukumbini, umekuja kumuua tena?" Mshereheshaji akaniita, "Mama, mama, tafadhali." Nikamwambia anyamaze naye. Dokta alibaki ameshika kipaza sauti kilichokufa. Alikuwa ameona aibu, na mtu wa namna ile akiona aibu anakuwa nyoka. "Bhoke," akasema, bila spika, ila turubai zima lilikuwa kimya, "mimi ningejuaje? Si wewe mwenyewe uliyeniambia? Kule kwenye zizi?"

Mama Ghati akainua uso. Alinitazama kama anayesoma, naye alikuwa amekaa na msomaji wa midomo miaka mingi, akajua. Watu wakaanza kunong'ona. Dokta akakusanya waya wake akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza. Nikaenda nikapiga magoti pale kwenye mkeka. Nikamwambia Mama Ghati yote: nilimwambia Dokta ili kumwokoa, kisha nikamdanganya Tata ili kujiokoa, na kila Krismasi nilikuja nimejiandaa kusema nikashindwa. Nikamwambia, mama, kwa mtu mwingine ungeweza kukiri ukiwa umegeukia pembeni, au gizani, au kwa simu. Kwa Tata ilikuwa lazima ukae kwenye mwanga, umwangalie usoni, akutazame mdomo neno kwa neno. Nilishindwa hilo tu. Nilikuwa nalia, na watu walikuwa wanasikia, na sikujali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta pua kwa ncha ya khanga, akaangalia kule wanaume walikokuwa wanaanza kuinua jeneza.

"Mzee alikuwa anajua kusoma," akasema. "Kalamu ulikosa?"